Njia ya Ng'ombe Kupitia Ufaransa

Tangu mliponiaga kwa keki na vitenge sijaweza kukaa kwenye kiti zaidi ya muda wa kumaliza kikombe cha chai. Mlinitakia mapumziko mema, na mimi nikaitikia asante kama ilivyo adabu, lakini mapumziko yenyewe sijayaona. Naamka, nafagia uwanja uliokwisha kufagiwa, nashuka mpaka ufukweni kuangalia meli inayoingia kutoka Bukoba, napanda tena kilima, nafungua redio, naizima. Kwa hiyo nimeona bora niwaandikie ninyi mnaoendelea na kazi ya kuwasafirisha watu. Sitaeleza nilivyopanda vyeo. Ofisi yetu ilikuwa na vyeo viwili tu, cha anayekaa karibu na simu na cha anayekaa karibu na mlango, na mimi nimekaa kote.

Nilianza kazi nikitoka Ukerewe na cheti cha kidato cha nne, katika shirika la serikali lililokuwa likiuza tiketi za treni, meli na ndege hapa Mwanza. Aliyenipokea ni Mzee Magesa, Mjita, mtu mrefu aliyevaa suti ya kaunda kila siku ya Mungu. Siku ya kwanza aliniuliza: mteja akitoka hapa kwenda Bukoba, atakula wapi? Nilimjibu kwa saa za meli, nilizokuwa nimezikariri usiku kucha. Akasema hakuniuliza saa. Nikarudi kwenye kiti changu nimenuna, na kesho yake nikashuka bandarini kuwauliza mama ntilie wanafunga saa ngapi.

Kazi yote niliyoijua baadaye ilitoka kwenye swali lile. Magesa alinifundisha kwamba kila unapomlaza msafiri ni lazima ujue atafika jua likiwa wapi, ataoga wapi, na nani atamfungulia mlango. Alinifundisha pia kupima barabara kwa uzi wa kushonea. Unalaza uzi juu ya ramani, unafuata kila kona bila kuvuta, kisha unaunyoosha kwenye kipimo kilichochapwa pembeni. Rula hudanganya kwa sababu haijui kupinda. Mpaka kompyuta zilipoingia nilikuwa na kidonge cha uzi mweusi kwenye droo, na wateja wengine walidhani nashona dirishani.

Kisha ikaja miaka ya tisini. Madukani vitu vilijaa, kazini watu walipungua. Shirika letu lilivunjwa, tukapewa barua zetu, na Magesa, badala ya kurudi Majita kulima mihogo kama alivyokuwa akitishia, alipanga chumba kimoja nyuma ya soko kuu akanunua mashine ya faksi. Mimi nikamfuata. Miaka ile hakuna aliyetulia Mwanza. Mwalimu alikuwa anataka kwenda Dubai kuleta redio, karani anataka Kampala kuleta vitenge, wazungu wa viwanda vya samaki wanaingia na kutoka na masanduku yao ya barafu. Kila mtu aliyekaa mbele yangu alikuwa anaondoka, na mimi nilikuwa nawaandikia tiketi kwa mkono, nakandamiza kalamu ili kaboni ishike, huku miguu yangu chini ya meza inatembea peke yake. Magesa alikuwa akisema nitatoboa sakafu. Sikuwa nimevuka mpaka wa nchi hata mmoja. Ukiondoa Ukerewe na Mwanza, nilichokuwa nakijua cha dunia ni majina ya viwanja vya ndege.

Hali ilikuwa hiyo alipoingia Padre Anselmi.

Alikuwa Mfaransa, mzee, mwembamba, na alikuwa amehudumu parokia moja ng'ambo ya kivuko cha Kigongo na Busisi, upande wa Sengerema, tangu kabla mimi sijazaliwa. Kiswahili chake kilikuwa cha Msukuma mtupu. Ungemsikia bila kumwona ungesema ni mzee wa huko anayekuja kuuza pamba. Nyuma yake alikuwepo dereva wake, Lukas Masunga, mtu wa makamo, mnene kidogo, aliyevua kofia mlangoni na kuiweka juu ya goti alipokaa. Tuliposalimiana, Tumsifu Yesu Kristo, milele amina, Padre akakunjua ramani juu ya meza yangu, akaondoa chai ya Magesa bila kuomba ruhusa.

Alieleza shida yake. Wakubwa wake walikuwa wameamua arudi kwao akapumzike moja kwa moja, kwa sababu ya umri. Hakulalamika juu ya hilo. Alichotaka ni kwamba Masunga amsindikize, na kwamba wakifika Ufaransa wasipande treni, bali Masunga aendeshe gari, siku baada ya siku, kupitia nchi yote mpaka kwenye uwanda wa milimani alikozaliwa, ambako dada yake Odile alikuwa bado anaishi. Mpwa wake angewaazima gari. Ubalozini Dar es Salaam walihitaji ratiba kamili ya kila siku ndipo wapokee maombi ya Masunga: atapita wapi, atalala wapi, kwa nani.

"Huyu amenionyesha Usukuma wote," Padre alisema. "Sasa nataka kumwonyesha kwetu. Nipangie njia nzuri, Generoza. Ndefu si neno, ila iwe nzuri."

Nilitaka kusimama juu ya kiti. Mimi, niliyekuwa nawapangia watu kubadilisha treni Tabora, naombwa njia ya kupitia Ufaransa. Ramani yenyewe ilitolewa na kampuni ya matairi ya huko kwao wakati Padre bado kijana seminarini. Mikunjo yake ilikuwa imeshikizwa kwa plasta ya hospitali. Sikujali. Wiki ile sikula chakula cha mchana. Magesa alikuwa akitoka kwenda kula, na mimi nabaki na uzi wangu juu ya mito na milima yenye majina nisiyoweza kuyatamka, napima, nafuta, naanza tena. Padre alinitajia makanisa makubwa, nyumba za wafalme kando ya mto uitwao Loire, miji ya ukuta. Nilizipanga zote kwa mstari mmoja mzuri. Nilikuwa najipangia mwenyewe, wala sikujificha.

Walipokuja tena niliwasomea ratiba. Padre akawa anaitikia kwa kichwa. Masunga alikuwa amekaa palepale karibu na mlango, na ndipo nilipokumbuka kwamba hakuna aliyemuuliza kitu. Nikamgeukia. Nikamwambia, shikamoo mzee, wewe unayeendesha, kule ungependa kuona nini?

Alimwangalia Padre, akaangalia kofia yake.

"Ng'ombe," akasema.

Padre alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akasema kwamba mtu huyu amesema jambo la maana kuliko sisi sote. Masunga akaendelea, safari hii bila kusitasita. Alitaka kujua ng'ombe wa huko wanakula nini majani yakilala chini ya barafu, pembe zao zinaelekea wapi, nani anakamua, na kama ni kweli ng'ombe mmoja anaweza kujaza ndoo hizo alizosikia. Alikuwa na ng'ombe wake kijijini na hakuwa na haja na nyumba ya mfalme aliyekwisha kufa.

Nikafuta kila kitu. Tulianza upya, na hiyo ndiyo njia niliyowahi kuipanga kwa raha kuliko zote. Kutoka uwanja wa ndege wa Paris walikuwa waende kwanza magharibi, Normandia, kwenye majani mazito na miti ya matofaa, ambako ng'ombe wana madoa yanayozunguka macho kama miwani. Kisha washuke kuufuata mto Loire, na hapo nilichomeka nyumba moja ya mfalme kwa ajili yangu. Halafu wageuke mashariki, nchi ya ng'ombe weupe wakubwa wa nyama. Halafu kusini, kwenye milima iliyokuwa ya volkano zamani, ambako ng'ombe ni wekundu kama udongo wa Geita na pembe zao zimesimama. Mwisho wapande uwanda wa Aubrac, kwao Padre. Ng'ombe wa pale, alisema, wana rangi ya ngano na macho yenye wanja.

Kulikuwa na jambo moja la kuwahi. Mwisho wa mwezi Mei wafugaji wa huko huwapandisha ng'ombe kutoka mabondeni kwenda malishoni juu ya uwanda, kwa miguu, wakiwa wamevishwa maua na kengele kubwa shingoni. Padre alikuwa hajaona hilo tangu alipoondoka kwao. Tukakubaliana kwamba kila kitu kihesabiwe kurudi nyuma kuanzia hapo: wawe Aubrac wiki hiyo, la sivyo safari imekosa kichwa.

Odile alitusaidia sana. Nilimpelekea faksi, naye akajibu kwa mwandiko ulioinama, Padre akanitafsiria. Alitutafutia nyumba za wakulima wanaopokea wageni, mahali pa kulala kila siku, mlango na jina la wa kuufungua. Umeme wetu ulikuwa na tabia ya kukatika faksi ikiwa katikati, kwa hiyo nusu ya mashamba ya Ufaransa ilitufikia bila majina, tukaomba tena. Kuhusu kuendesha kulia mwa barabara sikuwa na wasiwasi. Masunga alikuwa ameshampeleka Padre Burundi mara kadhaa, na huko nako wanapita kulia.

Kwa hiyo sikutegemea kwamba kizuizi kingetoka Sengerema. Siku moja aliingia mwanamke amefunga kitenge kifuani, amesafiri tangu alfajiri na miguu yake ina vumbi. Alisema yeye ni Mama Kabula, mke wa Masunga. Hakutaka chai. Alitaka nimwonyeshe karatasi inayosema mume wake atarudi. Nikamwonyesha nakala ya nafasi ya ndege ya kurudi. Aliigeuza pande zote.

"Hii inasema ndege itarudi," alisema. "Mimi nauliza mtu."

Nilijaribu kumweleza kuhusu viza, kwamba ina mwisho. Akaniambia kwamba amewaona wengi wa mjini waliokwenda kwa muda mfupi wasirudi, na kwamba mwaka ule wanunuzi wapya wa pamba walikuwa wanakuja na malori yao, leo bei hii, kesho hawaonekani, na ukichelewa kuchuma umekwisha. Mei ni mwezi wa kuchuma. Masunga akienda kuangalia ng'ombe wa watu, pamba yake ataichuma nani? Magesa, aliyekuwa karibu na simu siku hiyo, alimwambia kwa upole kwamba sisi hatuwezi kumwahidi mtu, ila tunaweza kumfikishia Padre maneno yake kama alivyoyasema. Na mimi nikayafikisha, kwa simu mbovu ya parokiani, nikipiga kelele mpaka wapita njia wakasimama.

Baadaye nilisikia kwamba Padre alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Mama Kabula, akakaa kwenye kigoda, wakazungumza mchana mzima. Mapatano yakawa kwamba kwaya ya parokia itachuma pamba ile, yote, mpaka Masunga arudi. Mama Kabula alikubali kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayesimamia, na nasikia sauti ya pili ya kwaya haikusahau mwaka ule.

Viza ikatoka. Tiketi nikaandika. Yalibaki majuma machache, na Padre akaja na Masunga kupitia ratiba mara ya mwisho. Nilikunjua ramani. Nikamwomba anionyeshe lile shamba la kwenye volkano, kwa sababu Odile alikuwa amebadilisha jina. Padre akainama, akapapasa karatasi kidogo, akaweka kidole.

"Hapa," akasema, "ndipo tutakapolala siku ya kwanza ya milima."

Kidole chake kilikuwa katikati ya bahari.

Nilimwangalia Masunga. Masunga aliangalia nje. Nikasema tu, sawa Padre, nimepaona, na nikaandika kitu chochote. Walipokuwa wanaondoka nilimshika Masunga mkono nikamrudisha ndani kwa kisingizio cha karatasi ya bima, nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu Krismasi, kidogo kidogo. Ni presha ya macho. Daktari alishasema nuru haitarudi. Sasa anaona mwanga na vivuli, na misa anaisoma kwa kichwa. "Amenikataza nisiseme," Masunga aliniambia. "Nami sikusema. Umeona mwenyewe."

Siku zile sikuweza kukaa wala kusimama. Mtu asiyeona nilikuwa nimempangia njia nzuri kupitia nchi ya kuonwa. Nilifikiri juu ya kona zile za milimani, mzee amekaa mbele, anatikiswa, giza tupu, siku baada ya siku. Nikafanya nilichoona ni cha huruma. Nilichukua ramani nikapanga njia nyingine, barabara kuu iliyonyooka kutoka Paris mpaka karibu na kwa Odile, kulala mara moja tu njiani. Uzi wake ulikuwa mfupi ajabu. Magesa aliusoma mpango ule, akanirudishia, akaniuliza kama nimemuuliza mwenye safari. Nikasema namhurumia. Akasema hilo hakuniuliza.

Padre alipokuja kuchukua tiketi nilimsomea ratiba mpya. Sikumwambia sababu. Alisikiliza mpaka mwisho, na nikaona uso wake unakuwa mwekundu kuanzia shingoni. Katika miaka yangu ya kazi nimegombezwa na watu wengi, wengine kwa haki, lakini sijawahi kugombezwa kwa sauti ya chini namna ile.

"Nani amekwambia kwamba njia hii ni ya macho yangu?" aliuliza. "Mimi kwetu napajua. Nilipofika huku nilikuwa sijui kitu, sijui lugha, naogopa hata fisi akilia, na huyu bwana, akiwa kijana, alinikalisha pembeni yake akaniambia hiki ni hiki na kile ni kile, kila kilima, kila mti, mpaka nikapaona. Sasa ni zamu yake kuona. Mimi nitakaa pembeni nitamwambia. Usiniondolee hiyo."

Nikasema samahani Padre. Nikairarua ile barabara fupi mbele yake, ingawa hakuweza kuiona, aliisikia tu. Akanyoosha mkono juu ya meza kutafuta wangu.

Kitu kimoja niliomba tubadilishe, naye akakubali: nilipunguza urefu wa kila siku ya safari ili Masunga apate kusimama popote atakapo, na nikamwandikia Odile aseme kweli kwa wenye nyumba, kwamba mgeni mmoja atahitaji kushikwa mkono kwenye ngazi.

Waliondoka. Niliwasindikiza uwanja wa ndege, Padre amevaa koti zito lililonuka dawa ya nondo, Masunga amevaa suti aliyoivaa kwenye harusi ya mtoto wake. Ndege ilipopaa nilibaki nimeshika uzio wa waya kama wale wanaosindikiza wapenzi. Halafu nikarudi ofisini kumpangia mtu wa Shinyanga safari ya Nairobi, na nikamkosea siku.

Odile aliniahidi faksi kila watakapofika mahali. Zilikuja kama zilivyopangwa: Normandia wamefika, mto wamefika, nchi ya ng'ombe weupe wamefika. Maneno mawili matatu tu, ambayo Sista mmoja wa hapa mjini anayejua Kifaransa alinisomea. Nilizibandika ukutani. Wateja walidhani ni matangazo. Kisha siku waliyotakiwa kufika kwa Odile mashine haikutoa kitu. Niliangalia karatasi ipo, umeme upo. Kesho yake asubuhi ikaja faksi moja, na Sista alipoisoma alishika mdomo. Odile alikuwa anauliza kama sisi tunajua waliko.

Hakuna kazi mbaya kama kungoja habari za mtu uliyemtuma barabara usiyoijua. Nilikuwa nimemwambia akilala hapa ataamka pale, kana kwamba uzi wangu umemfunga kiuno. Niliona makorongo. Nilimwona Masunga amesinzia. Nilikwenda dirishani na kurudi mpaka Magesa akaondoa kiti changu kabisa, akasema hakina kazi. Mchana nilijiuliza nani atakwenda kumwambia Mama Kabula, nikajua ni mimi, na kwamba ataniuliza tena swali lake lile kuhusu mtu na ndege.

Jioni tulipokuwa tunafunga, mashine ikalia. Wamefika. Wazima. Odile alikuwa amekasirika na mwandiko wake ulitoboa karatasi hata kwenye faksi.

Masunga alirudi siku iliyoandikwa kwenye tiketi, akakuta pamba yake imekwisha kuchumwa, na baada ya majuma kadhaa akaja ofisini na gari la parokia kutuletea shukrani na jibini kubwa iliyonuka kama ngozi mbichi. Tulimkalisha. Nilikuwa na maswali mengi kiasi cha kumkosesha nafasi ya kujibu. Ile nyumba ya mfalme? Kubwa, alisema, ila haina zizi. Mto? Mzuri, hauna samaki wa kutosha. Kuhusu ng'ombe alizungumza mpaka chai ikapoa. Alisema kila alipoona kundi alisimamisha gari, akamweleza Padre rangi na pembe, na Padre akamwambia jina la aina hiyo na kazi yake, na hivyo ndivyo walivyopita nchi nzima, mmoja anaona, mwingine anajua.

Siku waliyopotea hawakupotea. Walipoanza kupanda uwanda, Padre alisikia kengele kabla Masunga hajaona kitu. Akamwambia azime gari. Kundi likawapita pande zote mbili, maua vichwani, bendera ndogo za karatasi, watoto na mbwa, na Padre akatoa mikono yote miwili dirishani ikawa inaguswa na ubavu baada ya ubavu. Lilipokwisha kupita akasema wafuate. Basi wakafuata nyuma ya ng'ombe kwa gia ya kwanza, kutwa nzima, mpaka malishoni, wakala na wafugaji, wakalala kwao kwenye majani makavu. Nyumba ile ya wafugaji haikuwa na simu. Nyumba niliyoipanga mimi, yenye ngazi na mtu wa kumshika mkono, ililala tupu.

Nikauliza Padre anaendeleaje. Masunga akaizungusha kofia juu ya goti.

Alisema siku ya mwisho kabla ya kuagana, Padre aliomba watoke tena na gari, wao wawili. Odile alikataa, kisha akaridhia. Walipofika barabarani Masunga akauliza waelekee wapi. Padre akasema, twende parokiani.

"Nikadhani anaumwa," Masunga alituambia. "Akasema, tuko Kigongo, tunangoja kivuko, niambie unaona nini. Basi nikaelewa. Nikawa naendesha kwenye ile milima yao, polepole, nikamwambia, kivuko kimekaribia, kuna lori la mkaa mbele yetu, kuna mama ana ndoo za dagaa, anagombana na mkata tiketi. Sasa tunashuka Busisi. Sasa tunapanda. Akaniambia, punguza mwendo, hapa baada ya kalavati kuna shimo. Nikapunguza. Kule kwao barabara haina hata ufa, lakini nikapunguza. Tukaenda hivyo mpaka mlangoni pa kanisa letu. Akasema, zima. Nikazima. Tukakaa."

Magesa alitoka nje kuangalia kitu ambacho hakikuwepo.

Niliangalia zile faksi ukutani. Nilikuwa nimepima kila kona ya Ufaransa kwa uzi, na Busisi sikuwa nimevuka hata siku moja. Kwetu Ukerewe tulikuwa watu wa meli, na kazini nilikuwa nawavusha wengine. Nikamuuliza Masunga anarudi saa ngapi. Akasema sasa hivi. Nikachukua pochi. Magesa alipouliza ofisi je, nikamwambia ipo hapahapa.

Tulivuka mchana, na lori la mkaa lilikuwepo kweli. Baada ya Busisi barabara ilianza kupanda kati ya mawe na mashamba ya mihogo, na nikakumbuka yule mzee amekaa huko kwao gizani. Nikamwambia Masunga kwamba nitafumba macho, na yeye anieleze njia kama alivyomweleza Padre. Akakubali. Nikafumba. Akaanza kunieleza, kwa sauti yake ile isiyo na haraka, mti fulani, nyumba ya fulani, ng'ombe wawili weupe wamelala. Nilikaza kope na kushika dashibodi. Gari likapunguza mwendo, nikajua ni kalavati, nikajua ni lile shimo, na hapo nikashindwa, nikafumbua, kwa sababu nilitaka kuona mwenyewe mbele ya shimo lile kuna nini.